TAHADHARI: Mama wa unga wa "nguvu asili" anayezunguka madukani Malindi

Jamani, nimekaa na hasira hii tangu wiki ya Idi, nikasema ninyamaze aibu yangu niimeze mwenyewe, lakini jana nimeambiwa ameonekana mtaa wa Barani na kapu lile lile anaingia duka baada ya duka, sasa nasema, na wa kucheka acheke.

Ni mama wa makamo, mnene kiasi, buibui safi, sauti ya upole utadhani ustadha. Kapu la ukili, ndani vikopo vyeupe vya plastiki, unga wa kuondoa usingizi na kuleta nguvu, asili tupu. Anaingia kwa mafundi wa nguo, kwa wasusi, kwa kina mama wa mahamri, kwa vijana wa tuktuk, yaani anajua kabisa mji huu nani halali usiku.

Mimi alinikuta kumi la mwisho la Ramadhani, na mimi ni fundi wa nguo, cherehani yangu nyingine sinayo mkononi, msaidizi kashaenda kwao, kanzu za watoto zimening'inia mpaka mlango hauonekani. Baada ya tarawehe nimeinamia cherehani macho yanafumba yenyewe. Akapiga hodi, akatoa salamu yote mpaka wabarakatuh, akaniuliza, "Mama anaendeleaje na mguu?" Sasa mtu anayejua mguu wa mamangu nimdhanie tapeli? Baadaye ndio naambiwa alikuwa amekaa duka la jirani anangoja dera lake lipigwe pindo, na habari zangu zote alizivuna pale.

"Mwanangu, usingizi huo utakutia hasara, wateja watakukimbia. Hebu tumia hiki." Akafungua kikopo, akachovya kidole, bismillahi, akalamba mbele yangu. "Waona? Na mimi ni mtu mzima." Wallahi kule kulamba ndiko kulikonimaliza. Maana kikopo alicholamba alikitoa kwenye mkoba wake wa begani, na changu akakitoa kapuni! Nimeona kwa macho yangu haya, hata rangi za unga hazifanani, wake ulikuwa mwekundu kama mdalasini, wangu umeenda kwenye weusi na una punje punje nyeupe, na bado mkono wangu uko kwenye simu natuma pesa. Nkamuuliza mna nini ndani, akanambia mizizi ya mlimani, tangawizi, na kafeini "ile ile ya kwenye kahawa, si unakunywa kahawa?" Mia tano. Nkasema sina, akashuka mia tatu na hamsini kwa ajili ya mwezi mtukufu. M-Pesa ikaleta jina la mwanamume, akasema ni mwanawe, simu yake iko chaji.

Na msinambie kwa nini nilimwamini. Sisi hapa tumelelewa na mwarobaini, ukipata homa bibi anachemsha sufuria unafunikwa shuka unafukizwa, na wazee barazani wanakunywa kahawa chungu na tangawizi mpaka usiku mkubwa na kesho wako msikitini alfajiri. Mtu akikwambia asili nani ashtuke? Kikopo kina picha ya jani na kimeandikwa 100% ASILI kwa herufi za kijani, tena amekuja kwa salamu, hakuja kwa kunong'ona kama wale wa vichochoroni.

Alisema kijiko kimoja cha chai kwenye maji moto. Nkatia, nikashushia na kahawa juu yake maana mpaka daku ni mbali. Mwanzo raha, sitaki uongo, vidole vinakimbia na qaswida naimba. Halafu uzi ukakataa kuingia sindanoni. Nalamba ncha, nasogeza taa, narudia, mkono unatetemeka sindano inapita huku uzi unapita kule. Moyo nausikia masikioni, jasho, kifua kimebana, nkajua ndio nakufa na kanzu za watu mikononi. Shemeji akanitia kwenye tuktuk mpaka hospitali. Nesi alipima presha akanyamaza, akabadilisha mkono akapima tena.

Daktari, Mungu amweke, hakunikemea. Akaniuliza kama natumia dawa za presha na kama nina mimba, akanambia huo unga kilichomo ndani anakijua aliyeusaga tu, wako wanaosaga vidonge vya hospitali wakachanganya na miti shamba ili mtu ahisi inafanya kazi. Na kafeini ya unga si kahawa kabisa. Binti yangu alitafuta kwenye simu, wale FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, wanasema kijiko cha chai cha unga wa kafeini tupu ni kama vikombe 28 vya kahawa, na wanachotaja wao kuwa hakina shida kwa kawaida kwa mtu mzima mwenye afya ni miligramu 400 kwa siku nzima. Kuna mmea mwingine waitwa efedra, nao uliuzwa hivi hivi kwa jina la asili, wa kupunguza mwili na kuleta nguvu, mwaka 2004 Wamarekani wakapiga marufuku virutubisho vyake kwa sababu ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Hata miraa ni asili, lakini ile kathinoni ya kwenye jani inaenda mwilini kama amfetamini, ile dawa kali ya kuchangamsha, inapandisha presha na kukimbiza moyo. Mwaka 2024 tulitukanana hapa Kilifi nzima kuhusu muguka, ndugu yake miraa, gavana Mung'aro kapiga marufuku, Mahakama Kuu ya Embu ikasimamisha marufuku hiyo, na muguka angalau unaona jani unalotafuna.

Huyu mama afungwe. Sitaki kusikia eti ni mama wa watu anatafuta riziki, mimi pia natafuta riziki na sijamlisha mtu sumu. Ashikwe apelekwe kituoni na kapu lake, na kabla hajaandikisha maelezo apewe kijiko kimoja kilichojaa anywe mbele ya OCS, mkuu wa kituo, kutoka kapuni, si kutoka mkobani! Na huyo mwanawe wa M-Pesa naye aitwe.

Mkimwona, kikopo hakina muhuri, hakina namba ya usajili, hakina tarehe ya kuisha wala jina la aliyetengeneza, ukimuuliza mna nini anakujibu kwa hadithi, na anasema hakina madhara kwa mtu yeyote hata mjamzito, hapo mfungieni mlango. Wenye presha, wenye moyo, wajawazito msiguse. Aliyekwisha kunywa akahisi kifua kinabana au pumzi hazitoshi asingoje kupambazuke, aende hospitali na kikopo chake mkononi ili daktari akione.

Changu ninacho, nimekifunga kwenye mfuko na nakipeleka kwa watu wa Bodi ya Dawa na Sumu. Mwenye kingine asikitupe wala asimpe mtu, aniletee dukani, nipo kila siku baada ya Asri.