Madoa kwenye pevingi: cha kununua kwanza na cha kuacha dukani

Mvua zikikatika Mbeya na Rungwe, kuanzia mwezi Mei, watu huanza kuulizia dawa ya pevingi. Ua limekuwa la kijani, mlangoni panateleza, na pale gari linapolala pana doa jeusi. Dukani jibu huwa moja: chukua asidi. Kwa madoa mengi jibu hilo linaharibu pevingi kuliko doa lenyewe, ndiyo maana hapa tumeiweka asidi kali mkiani.

Kabla ya kutoa hela, litambue doa. Dondosha tone la maji juu yake. Likikaa kama shanga bila kunywewa, hayo ni mafuta. Doa la kahawia chini ya mkaratusi au mparachichi lijaribu kwa matone ya jiki: likififia ndani ya dakika chache, ni rangi iliyotoka kwenye majani. Lisipofifia, kamulia limau upande mwingine wa doa, siyo pale pale penye jiki, kwa sababu viwili hivyo vikikutana hutoa gesi ya klorini. Utaona povu linachemka. Povu halikuambii kitu, maana limau huchemka juu ya saruji yoyote, tazama rangi. Ukahawia ukififia, ni kutu.

Weupe kama unga kwenye pevingi mpya usiununulie chochote. Ni chokaa ya ndani ya saruji, inayopandishwa juu na maji na kuganda inapokutana na hewa. Ifagie ikiwa kavu, kisha iache ipigwe na mvua za msimu mmoja au miwili.

1. Brashi ngumu ya nailoni na sabuni ya unga

Anzia hapa, hata kama unaona doa ni sugu. Nunua brashi ya mpini mrefu, yenye nyuzi nene zinazorudi haraka ukizikunja kwa kidole. Brashi ya waya iache: vipande vyake hukatikia kwenye vinyweleo vya saruji, na baada ya wiki mbili za unyevu unapata vidoti vya kutu ulivyojinunulia mwenyewe. Gramu 100 za sabuni kwenye ndoo ya lita 10 zinatosha. Mwaga, acha dakika 10, sugua kwa kuzunguka, suuza kabla povu halijakauka. Udongo mwekundu wa Iringa mara nyingi huisha kwa hatua hii peke yake, mradi uufagie kwanza ungali mkavu; ukianza na maji unaupaka.

2. Jiki, kwa ukijani na rangi ya majani

Kwa Tukuyu, ambako mvua hazina mchezo, hii ndiyo dawa utakayoinunua kila mwaka. Jiki ya kawaida ya asilimia 3.5 changanya sehemu moja kwa maji sehemu tatu. Eneo la mita za mraba 20 linahitaji kama lita 10 za mchanganyiko, yaani lita 2.5 za jiki. Kwangua kwanza ukijani mnene kwa koleo, kwa sababu jiki hufia juu yake bila kufika chini. Paka asubuhi au siku ya mawingu. Jua kali huivunja nguvu kabla haijafanya kazi. Acha dakika 15 hadi 20, sugua, suuza kwa maji mengi. Asubuhi za Juni na Julai za Njombe ni baridi mno na dawa hujivuta, kwa hiyo ongeza muda, usiongeze ukali.

Dukani angalia tarehe. Jiki iliyokaa sana, hasa kwenye rafu inayopigwa jua, hubaki maji yenye harufu tu. Migomba na mboga zilizo kando zimwagilie maji safi kabla na baada, na kuku wafungie mpaka pakauke.

3. Maranda na magadi, kwa oili

Mafinga na Sao Hill zinapochanwa mbao za misindano, vumbi la mbao ni kitu cha kuombwa tu. Oili mbichi imwagie vumbi hilo, likanyage, liache usiku kucha, kisha lizoe. Usipanguse kwa kitambaa, unalitandaza doa. Na tafadhali, usimwage petroli wala mafuta ya taa: huifanya oili iwe nyepesi na kuizamisha chini zaidi.

Kinachobaki kitolee kwa gramu 100 za magadi yaliyosagwa kwenye lita moja ya maji ya moto, pamoja na kijiko cha sabuni. Changanya na chokaa au udongo mweupe mpaka upate uji mzito, paka unene wa sentimita moja, funika kwa nailoni saa 24. Funua, uache ukauke kabisa ndipo ukwangue. Unapokauka ndipo unaponyonya oili. Doa la miezi mingi litahitaji kurudiwa mara mbili au tatu, na kivuli kidogo hubaki.

4. Asidi ya unga, kwa kutu pekee

Ziko mbili, sitriki na oksaliki. Waulizie wanaouza malighafi za kutengeneza sabuni. Anza na sitriki, gramu 100 kwa lita moja ya maji ya uvuguvugu. Oksaliki ina nguvu zaidi kwa kutu lakini ni sumu, kwa hiyo vaa glavu na usiipime kwa kijiko cha jikoni. Lowesha pevingi kwanza, paka kwenye doa tu, dakika 10, suuza. Pevingi ya rangi ijaribie pembeni.

5. Mashine ya presha, ya kukodi

Wanaoosha magari wanazo. Sisitiza ncha ya kijani au nyeupe, inayotawanya maji kwa nyuzi 25 au 40. Ncha nyekundu hutoa mshale mmoja wa maji unaochimba saruji. Shika sentimita 30 kutoka chini, kwa mshazari. Kasoro yake kubwa ni kuchomoa mchanga wa kwenye viungo, na hapo matofali huanza kucheza. Weka akiba ya mchanga laini mkavu, ndoo moja ya lita 20 kwa mita 20 za mraba, uufagilie ndani pakishakauka.

6. Asidi ya kusafishia tailizi

Hii hailisafishi doa. Inakula ngozi ya saruji iliyolibeba. Siku ya kwanza pevingi inang'aa, baadaye mchanga unatokeza, rangi inapauka, na uso uliokwaruzika unashika uchafu haraka kuliko mwanzo. Inafaa matone ya saruji yaliyogandia wakati wa ujenzi, basi: sehemu moja kwa maji sehemu 10, asidi ikimiminwa kwenye maji, kamwe siyo maji kwenye asidi, na pevingi ikiwa imeloweshwa. Ukipimiwa kwenye chupa ya soda isiyo na lebo, irudishe hapo hapo. Mtoto hajui kilichomo.