Rangi ya mpira ya kubandua: anza na rimu, bodi fikiria mara mbili

Rangi ya kawaida unainunua ikae. Hii ya mpira unainunua ili siku ukiichoka uvute kona kwa ukucha, itoke shuka zima, na rangi ya kiwandani ibaki chini yake kama ulivyoiacha. Kwa hiyo siku ya kuipima ni siku ya kuibandua. Mimi nimeshaivuta ikatoka hivyo kwenye rimu za Vitz. Na nimeshakaa jioni mbili juu ya kigoda nikiikwangua kwenye nembo ya buti kwa kidole gumba, inatoka punje punje kama kifutio cha penseli. Makopo yalikuwa ya aina ileile. Rimu nilizipiga mikono mitano, yaani tabaka tano za rangi. Nembo niliipiga miwili, nikaona weusi umeshakolea, nikaacha.

Basi napanga bidhaa kwa kigezo hicho: je, itabanduka? Bei inafuata baadaye.

Namba moja: kopo la kupuliza, kwa rimu, nembo na grili

Jina linalojulikana zaidi ni Plasti Dip, ya Blaine, jimbo la Minnesota, Marekani. Kampuni ilianza mwaka 1972 na mpira wa kuchovyea mipini ya vifaa vya fundi, kama koleo, isiteleze mkononi. Wenye magari walikuja kuudandia baadaye. Rust-Oleum nao wana mpira wao wa kubandua.

Kopo lina gramu 311. Hesabu kopo moja kwa kila rimu, yaani manne kwa seti, na ongeza la tano kama rimu ni kubwa au zina vijiti vingi. Mkono wa kwanza nyunyizia tu, rangi ya chini ionekane bado. Ukiulowesha utachuruzika, na michirizi ya mpira haipigwi msasa. Subiri kama nusu saa kati ya mkono na mkono, fika minne au mitano, kisha gari lipumzike kwa muda wa saa 4 kabla hujaliingiza barabarani. Tepu ya karatasi itoe mkono wa mwisho ukiwa bado mbichi. Ukisubiri ukauke, tepu inaondoka na kingo za kazi yako.

Mpira huu unastahimili joto hadi nyuzi 93 hivi za Selsiasi. Rimu hazina shida. Kalipa ya breki, kile kibanio cha diski, iache kama ilivyo.

Namba mbili: stika, kama unataka kubadili gari zima

Najua wenye kompresa hawatanipenda hapa. Lakini kwa bodi nzima, stika ya plastiki ya 3M au Avery Dennison inanipa usingizi zaidi kuliko mpira wa kupuliza. Roli zake zina upana wa meta 1.52, unene ni uleule kutoka mwanzo hadi mwisho, na siku ya kuitoa unaipasha joto kidogo unavuta taratibu. Ubaya wake ni fundi. Anayejua kona za bampa na vishikio vya milango ni ghali, na asiyejua ataacha mapovu, au atakata stika ikiwa juu ya gari na wembe uchore rangi yako. Muulize anakatia wapi kabla hujatoa hela ya kianzio.

Tahadhari kwa gari lililowahi kupakwa upya mtaani: kama rangi ya chini haikushika vizuri, stika itaondoka nayo.

Namba tatu: mpira wa galoni, kwa bodi

Galoni ni lita 3.78, na gari la kawaida la saluni linakula galoni 3 hadi 4. Rangi nyepesi juu ya gari jeusi inakula zaidi. Ongeza mashine ya kupulizia, barakoa ya kemikali yenye vichujio (ile ya kitambaa haizuii kitu), na mahali penye hewa pasipo na moto wala mtu wa sigara, maana mvuke wake unawaka.

Halafu kuna vumbi. Mpira usiong'aa unashika udongo mwekundu, na kijana wa kuosha magari akikaribia kingo na maji ya presha, zinaanza kunyanyuka. Petroli nayo ni adui. Jirani yangu alipaka gari lote kijivu, likapendeza kweli. Mwezi wa pili, pale sheli, mafuta yakamwagika kidogo kwenye mdomo wa tangi. Chini ya kifuniko mpira ulijikunja kama ngozi ya maziwa yaliyochemka. Ukiipaka, beba kitambaa kila unapojaza.

Ya mwisho: kopo lisilo na jina

Liko kila mtaa wa spea, na mengine ni rangi ya kawaida iliyobandikwa neno la kubandua. Usilipime kwenye gari. Nunua moja tu, piga mikono mitano juu ya chupa ya soda, subiri muda wa saa 4, kisha vuta. Ikitoka kama soksi, rudi ukachukue mengine. Isipotoka, umepoteza kopo na chupa tu.

Na usimwambie ndugu anayerudi na ndege akuletee. Makopo ya kupuliza yanayowaka hayaruhusiwi kwenye mizigo, wala ya mkononi wala ya kukabidhi kaunta, yatabaki uwanjani. Yaje kwa meli.

Ukibadili bodi nzima, kumbuka kadi ya gari imeandikwa rangi. Tanzania unapeleka mabadiliko TRA (mamlaka ya mapato), Kenya ni NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani), hata kama unasema ni ya muda. Rimu na nembo hazina habari hiyo.

Ikitunzwa, mpira unakaa miaka mitatu hivi. Ukizeeka juani unakakamaa na kugoma kutoka, na hapo ndipo wengi hukimbilia tina (kiyeyusho cha rangi), wakala rangi ya kiwandani. Ile nembo yangu, jioni ya pili nilichoka kukwangua, nikaipiga mikono mitatu mipya juu ya yale mabaki, nikalala. Asubuhi nikavuta kona, vyote vikatoka pamoja.