Kilimanjaro kwa njia ya Marangu: siku tano zilinirudisha, sita zikanifikisha

Hii ilikuwa mara yangu ya pili. Mwaka juzi nililipia safari ya siku tano, nikaishia pango la Hans Meyer, kama mita 5,150, natapika na kichwa kinagonga. Februari hii nimerudi njia ile ile, ila kwa siku sita, na nimesimama kilele cha Uhuru, mita 5,895. Mazoezi yangu yalikuwa yale yale. Kilichobadilika ni siku moja tu.

Siku hiyo unaitumia kambi ya Horombo, mita 3,720. Hamhami. Asubuhi mnapanda taratibu kuelekea Mawenzi, kilele cha pili cha mlima, mnapita ile miamba yenye mistari kama pundamilia, mnakaa juu kidogo, halafu mnashuka kulala pale pale. Mwili unaonja hewa nyembamba kisha unapumzika chini. Safari ya kwanza tulitoka Horombo moja kwa moja hadi Kibo, kambi ya mwisho kabla ya kilele, na usiku ule ule tukaanza kupanda. Kampuni niliyoitumia haikunigusia kabisa habari ya siku ya sita. Hilo linaniuma mpaka leo, maana ningeilipia.

Marangu ndiyo njia pekee yenye vibanda vya kulala. Nyingine zote ni mahema. Ukirudi umelowa, kuta za mbao na godoro ni neema kubwa. Chakula kilikuwa kizuri: supu ya moto kila jioni, asubuhi uji. Begi la kulalia nililokodi Moshi ndilo liliniangusha, zipu ilikatika usiku wa kwanza kambi ya Mandara. Fungua na funga kila zipu pale pale dukani kabla hujatoa pesa.

Wagumu, yaani wapagazi wa mlimani, ndio wanaostahili sifa kubwa. Kibo hakuna maji, kwa hiyo kila tone la chai nililokunywa pale lilibebwa kutoka kijito cha mwisho juu ya Horombo, saa kadhaa za kutembea. Getini nilisimama kuangalia mizigo ikipimwa, mwisho kilo 20 kwa mtu. Ukichagua kampuni, uliza wagumu wanalipwa nini na wanakula mara ngapi kwa siku, kabla hujauliza punguzo la bei.

Tuliondoka Kibo saa sita usiku. Giza totoro, taa za kichwani zinapanda mbele yetu kwa zigizaga, changarawe inateleza chini ya buti. Kiongozi wetu aliniambia, "Dada, tembea kama una mtoto amelala mgongoni." Nilishika hilo usiku kucha. Saa kumi hivi mrija wa maji uliganda, nikawa nakunywa kutoka kwenye chupa niliyoifunga ndani ya soksi na kuigeuza mdomo chini, maana barafu huanzia juu. Kamba ya buti ilipofunguka vidole vyangu havikuweza kitu. Kiongozi alivua glavu zake, akapiga magoti kwenye changarawe, akaifunga fundo mara mbili, kisha akanimulika usoni na kuniuliza jina la mama yangu. Alikuwa anapima kama akili bado imetulia.

Gilman's Point, pale unapofika ukingo wa kreta, jua lilituchomozea nyuma ya Mawenzi. Wengi huishia hapo na kudhani kazi imekwisha, lakini bado kuna karibu saa mbili ukingoni mwa kreta, na kwangu hicho ndicho kipande kigumu kuliko vyote. Weka nguvu ya kukimaliza. Kwenye ule ubao wa kilele nililia, sikujizuia.

Kwa Mtanzania kiingilio cha hifadhi ni cha shilingi na ni kidogo mno kikilinganishwa na cha mgeni, hivyo kinachobaki kiongeze kwenye ile siku ya sita. Bakshishi ya wagumu niliitenga tangu nyumbani, kila mmoja bahasha yake, nikawakabidhi getini mkono kwa mkono.