Glasi 7 za mvinyo mwekundu Alba: hela yangu imerudi?

Habari zenu ndugu zangu, karibuni tena jikoni kwangu, Torino. Leo sipiki. Mezani hapa nina glasi tupu, daftari lenye madoa ya mvinyo, na risiti ya euro 145. Risiti hiyo ndiyo kesi yetu ya leo.

Jumamosi iliyopita nilikwenda mji wa Alba, kusini mwa mkoa wetu huu wa Piemonte, kwenye chakula cha jioni cha kuonja mivinyo myekundu ya Italia, ile yenye majina. Glasi 7, sahani 5, na mtaalamu mmoja anawaongoza mwanzo hadi mwisho. Mgahawa siutaji. Nimejilipia mwenyewe, na nina malalamiko mawili, basi jina lao tuwaachie wenyewe. Wale msiokunywa, msiondoke, chakula kipo cha kutosha kuzungumziwa. Walio chini ya miaka 18, tutaonana kwenye video ya maandazi.

Nilikwenda kwa treni, na nawashauri nanyi hivyo hivyo. Huku dereva haruhusiwi kuzidi gramu 0.5 ya kilevi kwa lita ya damu. Sasa piga hesabu: glasi 7, kila moja sentilita 6, ni sentilita 42. Hiyo ni zaidi ya nusu chupa. Ndiyo maana mezani wameweka chombo cha kutemea, na hapo mwenzenu nikakwama. Nimelelewa Dodoma na bibi ambaye ukitema mate watu wanakula, chakula chako kimeishia hapo. Huku naambiwa kutema ndiyo ustaarabu! Glasi mbili za kwanza nilimeza kwa aibu. Ya tatu nikawakumbuka waonjaji wa chai wa mnada wa Mombasa, wanavyovuta kwa kelele na kutema siku nzima wala hakuna anayewashangaa. Nikatema.

Mwonjeshaji wetu, huku wanamwita sommelier, ni mama wa makamo mwenye sauti ya chini. Tulikuwa watu 12. Kabla hajamimina chochote alitupitishia chupa moja, kila mtu aishike shingoni. Pale juu kuna ukanda wa karatasi wenye namba, kila chupa na namba yake, na herufi DOCG. Hilo ndilo daraja la juu kisheria: zabibu zimetoka wapi, za aina gani, mvinyo umekaa muda gani, vyote vimeandikwa na kukaguliwa. Barolo, Barbaresco na Brunello ni miongoni mwa mivinyo ya kwanza kupewa daraja hilo, mwaka 1980.

Halafu akasema kitu ambacho sikutarajia kukisikia kwenye meza ya kifahari. Mwaka 1986 Italia ilizika watu zaidi ya 20 waliokunywa mvinyo wa bei ya chini uliotiwa methanoli, na sehemu ya mkasa huo ilianzia humu humu Piemonte. Methanoli, jamani. Sisi neno hilo tunalijua kwenye habari za gongo na chang'aa. Wanunuzi wa nje wakawakimbia Waitaliano, na wenye mashamba waliobaki wakaona njia ni moja: kutengeneza kidogo, kizuri, kinachokaguliwa. Tangu siku ile, nikishika chupa naanza na kile kikaratasi.

Haya, glasi.

Ya kwanza Barbera d'Alba. Huu ndio mvinyo wa wenyeji wa siku za kazi. Mchachu, una tabia ya zambarau mbivu, haukwaruzi ulimi. Uliletwa na vitello tonnato: nyama ya ndama iliyochemshwa, ikapozwa, ikakatwa vipande vyembamba, juu yake mchuzi mzito wa jodari na mayai. Nyama na samaki sahani moja, najua, mimi pia nilikunja uso. Ila ule uchachu unafanya kazi ya ndimu, na ukimaliza unatafuta mkate wa kufutia sahani.

Ya pili Chianti Classico, kutoka mkoa wa Toscana, wenye nembo ya jogoo mweusi kwenye shingo ya chupa. Mzuri, wa kawaida. Sitawachosha nao. Cha kuwaambia ni kwamba ulikuja na tajarin, tambi nyembamba zenye viini vingi vya mayai, na hapo ndipo lalamiko langu la kwanza lilipo. Mhudumu akaja na tartufo bianco, ule uyoga unaoota chini ya ardhi ambao watu huutafuta kwa mbwa, akauliza kwa tabasamu, "Niwakwangulie kidogo?" Nani atakataa? Harufu ni ya kitunguu saumu pamoja na mtungi wa gesi unaovuja, na bado unaipenda. Mwisho wa usiku, ule "kidogo" ukawa euro 35 za ziada, juu ya zile 110 za chakula. Hazikuandikwa popote kwenye orodha iliyokuwa mezani. Msimu wa vuli ukiwa Alba, ukiona mtu amekuja na mizani ndogo na kikwangulio, uliza bei kwanza, aibu baadaye.

Ya tatu Barbaresco, ya nne Brunello di Montalcino, zote mbili kwa sahani moja ya agnolotti del plin, vimfuko vya unga vyenye nyama ndani vinavyofinywa kwa vidole. Plin maana yake ni kufinya. Barbaresco nitaurudia. Brunello ndiyo iliyoniudhi, na kosa si la mvinyo. Huu unatoka kwa zabibu aina moja tu, Sangiovese, na sheria inazuia kuuzwa mpaka Januari ya mwaka wa tano baada ya mavuno. Miaka yote hiyo mtu anausubiri, halafu mgahawa unauweka kwenye rafu karibu na moto! Ulipofika mdomoni ulikuwa wa vuguvugu, kilevi kimetangulia mbele, pua inawasha. Watu husema mvinyo mwekundu hunywewa kwa joto la chumba. Chumba kipi? Nyumba za zamani za mawe zilikuwa baridi. Huu unataka nyuzi 16 hadi 18, na chumba chetu kilipita 23. Nikaomba ndoo ya barafu. Mhudumu alinitazama kama nimeomba kutia soda. Mwonjeshaji akamwambia kwa upole alete. Baada ya dakika 10 ile glasi ikawa kitu kingine kabisa, cheri kavu, ngozi, majani ya chai. Nyie mnaoishi Dar au Mombasa, kama mna chupa nyekundu kabatini, iwekeni kwenye friji nusu saa kabla ya kufungua. Msisikilize wanaocheka.

Sasa tuje kwenye Barolo, maana usiku wote ulikuwa unaelekea huko.

Barolo na Barbaresco ni ndugu. Vyote ni zabibu aina moja, Nebbiolo, na wenyeji wengi watakwambia jina limetokana na nebbia, ukungu, kwa sababu huchelewa kuiva na huvunwa Oktoba mashamba yakiwa yamefunikwa. Barolo lazima ukae angalau miezi 38, kati yake 18 kwenye mapipa ya mbao. Hekta moja hairuhusiwi kutoa zaidi ya tani 8 za zabibu. Nilimfikiria mjomba wangu mwenye mizabibu Hombolo. Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka, na fahari ya mkulima ni uzito kwenye mizani; nikimwambia kuna mahali sheria inakuzuia kuzalisha sana, atasema nimelewa.

Ukiutazama Barolo kwenye glasi unaona umedanganywa. Ni mwepesi wa rangi, unaona vidole vyako upande wa pili, pembeni una wekundu wa matofali. Ukinusa, kuna waridi, halafu nyuma yake lami. Lami kweli, ile ya barabara inayotengenezwa mchana wa jua. Kisha unaonja, na mdomo unafungwa.

Hapa ndipo wengi hukimbia. Sisi tuna neno lake: ukakasi. Umewahi kula bibo ambalo halijaiva vizuri, ulimi ukashika kaakaa? Ndiyo yenyewe. Mwonjeshaji alituzungukia mmoja mmoja akiuliza tumehisi nini. Nilipofikiwa nikaanza kumweleza bibo kwa Kiitaliano changu cha sokoni, tunda linaloning'iniza korosho, linalokausha mdomo. Akacheka akasema nao wana neno, allappante, na wao mfano wao ni tunda la kaki bichi. Tukaelewana hapo hapo, mimi na yeye, kuliko nilivyowahi kuelewana na vitabu vyote vya mvinyo vinavyoniambia nitafute harufu ya tunda ambalo sijawahi kuliona.

Alituwekea Barolo mbili, zote za mavuno ya 2016, moja kutoka La Morra, nyingine kutoka Serralunga d'Alba. Zabibu ile ile, mwaka ule ule; kilichobadilika ni kilima. La Morra ulikuwa na waridi zaidi, umekaa mdomoni kama mgeni mstaarabu. Serralunga, ambako udongo ni wa kale zaidi na una mawe ya mchanga, ulikuwa mkali, umefunga mlango. Akasema, "Msile bado. Mkumbuke mlichohisi." Ndipo ikaletwa brasato, nyama ya ng'ombe iliyolowekwa na kupikwa polepole kwa saa nyingi ndani ya mvinyo wenyewe, hadi kijiko kinaikata. Tonge moja. Onja tena.

Ukakasi ulikuwa umeondoka. Mvinyo ule ule! Tanini, kitu kile kinachokausha mdomo, hushikana na protini. Isipopata nyama inashika mate yako, ikipata nyama inahangaika na nyama. Na ule Serralunga uliokuwa umefunga mlango ndio uliofunguka zaidi. Mzee aliyekaa pembeni yangu, ambaye jioni nzima alikuwa anajifanya anajua kila kitu, aliweka uma chini akanyamaza. Nami nikanyamaza. Kama ningekuwa nimeuonja peke yake kwenye stendi ya maonyesho, ningewaambia leo Barolo ni sifa tupu.

Glasi ya saba Amarone, kutoka Valpolicella, kule Verona, na kipande cha jibini la Parmigiano lililokaa sana. Zabibu zake hazikamuliwi mbichi. Hutandazwa kwenye vyumba vyenye hewa, si juani kama dagaa wetu, kwa miezi mitatu au zaidi hadi zinyauke, ndipo zikamuliwe. Unapata kitu kizito, zabibu kavu na kahawa. Mtamu wa harufu, mchungu kidogo mwishoni. Kuuweka mwisho ni sahihi, maana baada yake hakuna mvinyo unaosikika. Nilikunywa nusu, kichwa kilishatosha.

Basi, pesa. Kwa zile euro 110 bila uyoga, ndiyo, imerudi. Chupa moja ya Barolo ya maana, kwa bei ninazoziona madukani hapa Torino, inaanzia euro 40 hivi, na sisi tulionja mbili, pamoja na nyingine tano na chakula cha kushiba. Lakini kilicholipiwa hasa ni yule mama. Mgahawa ule ule bila yeye nisingeupa euro 60. Nawapa 7 kati ya 10. Moja nimekata kwa Brunello ya moto, mbili kwa mizani ya uyoga.

Ukitaka kujaribu mchezo wa tonge na mvinyo nyumbani bila kufilisika, tafuta chupa iliyoandikwa Langhe Nebbiolo. Zabibu ile ile, muda mfupi, na mimi huipata chini ya euro 20. Pika nyama ya kukaanga taratibu na kitunguu kingi, onja kabla, onja baada. Na glasi ya jioni ile niliyorudi nyumbani nikiiwaza si Barolo, ni ule Barbaresco niliosema nitaurudia: nilikuwa nimebakisha kidogo, nikaurudia pale pale mezani saa mbili baadaye ukiwa umepumua, na ulikuwa umeshinda zote mbili za Barolo. Mwonjeshaji hakukubaliana nami. Nimeandika hivyo kwenye daftari, na herufi zimepinda kidogo, lakini zinasomeka.