Chanjo ya mkanda wa jeshi: nimemaliza sindano zote mbili

Nina miaka 68. Sikuvutwa na tangazo lolote. Kilichonipeleka kuchanja ni ubavu wa kushoto wa mume wangu. Malengelenge yalimtoka mstari mmoja, kuanzia mgongoni hadi chini ya chuchu, na baada ya wiki tatu yakakauka. Maumivu hayakuisha. Miezi saba alilala ameketi, vifungo vya shati wazi, maana hata kitambaa kikimgusa alishtuka kama ameunguzwa.

Muuguzi aliyenichoma ndiye aliyenielewesha, na ninamshukuru mno. Mkanda wa jeshi hukuupata kwa jirani, alisema. Ni virusi vile vile vya tetekuwanga uliyougua utotoni. Havikuondoka, vilijificha kwenye mizizi ya mishipa ya fahamu kandokando ya uti wa mgongo. Kinachovizuia visiamke ni seli T, aina mojawapo ya chembe nyeupe za damu. Sasa, tezi inayozikomaza seli hizo, thaimasi, iliyo kifuani nyuma ya mfupa wa kidari, huanza kusinyaa na kugeuka mafuta tangu ujanani. Kufikia umri wetu seli changa zinazotoka humo ni chache sana, na zile za zamani zilizokuwa zikilinda zimechoka. Nikamuuliza: basi sindano itaufundishaje mwili uliochoka?

Hapo ndipo nilipoipenda chanjo hii. Ile iliyoitangulia ilitumia virusi hai vilivyodhoofishwa. Kwa wenye miaka 60 na kuendelea ilipunguza ugonjwa kwa asilimia 51, na kadiri mtu alivyozidi kuzeeka ndivyo ilivyomfaa kidogo. Hii mpya haina virusi hai. Ina protini moja tu ya kirusi, imechanganywa na kiamsha kinga ambacho huzishtua hata seli chache zilizobaki. Kwenye majaribio kinga ilizidi asilimia 90 hata kwa waliovuka miaka 70. Sisi wazee tumezoea kuambiwa dawa fulani "husaidia kiasi", kwa hiyo nilimwomba arudie namba hiyo.

Jiandae lakini. Sindano ya kwanza iliniuma mkono siku mbili, kuanika nguo sikuweza. Ya pili ilinitia baridi na mwili ukavunjikavunjika usiku kucha. Siku ya tatu nilikuwa mzima. Wapo wanaoogopa hapo wakaiacha ya pili. Msiiache. Huchomwa kati ya miezi 2 na 6 baada ya ya kwanza, na kituo changu hakikunikumbusha hata mara moja. Tarehe niliiandika mwenyewe kwa kalamu nyuma ya mlango wa kabati. Natoa nyota nne kati ya tano, na hiyo moja nimeikata kituo, si chanjo.

Mume wangu naye ameanza, kwa sababu ugonjwa huu unaweza kumrudia aliyekwisha kuugua. Alichomwa Jumanne iliyopita. Alitoa mkono wa kulia. Upande wa kushoto bado hataki uguswe.