Lenzi ya mkono ya mara kumi: imetengenezwa kwa masonara, lakini usiwaachie wao tu

Mimi si sonara. Kazi yangu ni kujumlisha hesabu za watu wengine kutwa nzima, na lenzi hii niliinunua kwa sababu moja tu: jioni zilikuwa zinanikuta sijaona kitu kipya tangu asubuhi.

Ni ndogo, urefu wa kidole gumba. Kioo kina upana wa milimita 18 na kinajikunja ndani ya kifuniko chake cha chuma, kwa hiyo funguo za mfukoni hazikichubui. Imeandikwa 10x, na ndani si kioo kimoja, ni vitatu vilivyogandishwa pamoja. Ndiyo maana picha haipindi pembeni, wala haina ule ukungu wa rangi rangi unaouona kwenye vioo vya bei ya chee.

Kuishika kuna namna yake. Usiinyooshee mkono kama mpelelezi wa kwenye sinema. Ilete jichoni, karibu kope ziiguse, kisha kitu ndicho ukisogeze mpaka kibaki umbali wa sentimita mbili na nusu hivi. Hapo ndipo utajua pesa yako imekwenda wapi. Punje za chumvi ni vijisanduku vya mraba, vingine vimemeguka kona. Picha ya gazeti inasambaratika na kuwa vitone vya rangi nne. Bawa la kipepeo aliyekufa limeezekwa kwa vigamba.

Ila kilichonifanya niandike haya ni vidukari, wale wadudu wa kijani wanaojazana chini ya majani machanga, ambao kila mwenye bustani anawaombea mabaya. Niligeuza jani, nikasogeza jicho, nikakuta mmoja anazaa. Si yai. Mtoto alikuwa anatoka mzima, makalio mbele, miguu imekunjwa, kichwa kikaja mwisho na macho yake mawili kama vitone. Mama hata hakuacha kula. Mrija wake ulibaki umechomekwa kwenye jani, anafyonza utomvu kama vile hakuna kinachoendelea huko nyuma. Majike hawa huweza kuzaa bila dume, sasa naelewa kwa nini jani safi huchakaa kwa wiki moja. Pembeni sisimizi alikuwa anawapitia, anampapasa kila mmoja kwa vipapasio. Aliyepapaswa anatoa tone la maji matamu, sisimizi analilamba, anahamia kwa mwingine, kama mtu anayekamua mbuzi. Bosi akapiga simu katikati ya ukamuaji. Nikamwambia niko kwenye kikao.

Udadisi huu si wa wasomi peke yao. Antonie van Leeuwenhoek wa Delft, Uholanzi, alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa asiyepita chuo chochote, na katika miaka ya 1670, kwa lenzi alizozitengeneza mwenyewe, aliona viumbe hai ndani ya maji ambavyo hakuna aliyekuwa na habari navyo. Vidukari nao aliwapasua, akakuta vichanga tumboni mwa majike. Lenzi zake zilikuza kuliko hii yangu kwa mbali sana, lakini hamu ni ileile.

Wauzaji watakushawishi uchukue iliyoandikwa 30x au 60x. Achana nazo. Lenzi ya kweli ya mara 30 ingebidi uishike kama milimita nane tu kutoka kwenye kitu. Kichwa chako kingeziba mwanga wote na sisimizi angekimbia. Nyingi zenye tarakimu hizo ni maandishi matupu. Mara kumi inatosha, tena inakuachia nafasi ya kuona jirani anafanya nini.

Kasoro zipo. Skrubu ya kifuniko hulegea, kila mara inabidi niikaze kwa ncha ya kisu. Kitaa kilichobandikwa pembeni ni cha kupendezesha tu, mwanga wa dirishani unakishinda. Na kwa wenye watoto: jua lisitazamwe kwa lenzi hii hata kidogo, wala isiachwe wazi juu ya karatasi penye jua, itaunguza.

Nyota nne. Ya tano nimeizuia mpaka waitengeneze hiyo skrubu. Kamba haiji nayo. Fungeni yenu, tena ya rangi kali, maana ikidondoka kwenye majani ndiyo basi tena.