Ncha ya Pasi ya Kulehemu: Kuifufua ya Zamani au Kuchonga Nyingine ya Shaba

Ncha ya kiwandani huwa na kiini cha shaba kilichofunikwa kwa tabaka jembamba la chuma, na tabaka hilo likiwa bado zima, ni afadhali kuifufua ncha iliyoungua kwa kuisugua ingali moto kwenye sponji lenye unyevu, kuipaka fluksi (dawa ya kuondoa kutu ili lehemu ishike), kisha kuivika lehemu mpya mara kadhaa hadi ing'ae. Tupa na msasa, ambavyo wengi hukimbilia, huliondoa tabaka lenyewe. Ncha iliyochongwa kutokana na waya mnene wa shaba hupitisha joto vizuri na hukubali umbo lolote, lakini bati lililomo kwenye lehemu iliyoyeyuka huila shaba kidogo kidogo, hivyo italazimu kuichonga tena na tena (hapo tupa inaruhusiwa). Mimi huchonga pale tu chuma kinapokuwa kimetoboka.